Kushuka mlima nako kupangwe

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Novemba, ofisi za kupandisha watu mlimani hapa Moshi na kule Arusha huanza kupokea simu za Watanzania wanaotaka kuwa Kilimanjaro tarehe 9 Desemba. Maswali ni yaleyale: bei gani, siku ngapi, baridi ikoje, na je, nitafika? Ni nadra mtu kuuliza atashukaje. Nasi tulio kwenye kazi hii ndio tuliowazoesha hivyo. Chukua kipeperushi chochote kinachogawiwa mjini. Siku za kupanda zimeandikwa aya kwa aya, msitu, nyani, ua la mlimani, mawio ya jua. Ikifika siku ya kileleni unakuta sentensi moja ya kumalizia: baada ya picha tutashuka hadi kambi ya Mweka kwa chakula cha jioni. Sentensi hiyo imebeba takribani mita 2,800 za kuteremka, kwa mtu ambaye hajalala, aliyetoka kupanda mita 1,200 usiku kucha kwenye hewa yenye karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani.

Kila mtoto wa shule anajua Luteni Alexander Nyirenda alivyosimika bendera na mwenge kileleni ulipowadia Uhuru, Desemba 1961. Namna alivyorudi chini haijawahi kuwa swali la mtihani.

Barua hii ni ya kuomba jambo moja: mpango wa kushuka uandikwe kabla ya mtu kupita getini, wenye saa na vimo, na mgeni ausome. Wenzetu wa milima ya theluji walishazoea.

Mtu anayeshuka kwa skii, mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, nje ya njia zilizosawazishwa na mashine, kwenye theluji laini kama unga, Chamonix au kwingineko kwenye milima ya Alps, haanzi na kilele. Anaanza na mteremko atakaoushuka, halafu ndipo anatafuta njia ya kumfikisha juu yake. Anakaa mezani na ramani ya 1:25,000. Kwenye ramani yenye mistari ya kimo kila mita 20, mistari iliyoachana milimita 1.4 ni mteremko wa nyuzi 30. Ikikaribiana hadi milimita 0.8 ni nyuzi 45. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo tabaka zima la theluji hupenda kukatika na kuporomoka kwa mkupuo. Chini ya nyuzi 30 theluji mara nyingi hutulia. Panapozidi sana 45 haipati nafasi ya kulundikana, humwagika kidogo kidogo kadiri inavyoanguka. Tatizo ni kwamba theluji tamu ya kuteleza na theluji ya kuua hukaa kwenye mteremko uleule, ndiyo maana hawaamini macho, wanapima.

Kisha anaangalia mteremko umeelekea wapi, kwa kuwa upande uliopigwa na jua la asubuhi si sawa na ulio kivulini. Anaangalia upepo wa siku zilizopita, kwa kuwa upepo huhamisha theluji na kuirundika nyuma ya ukingo, mahali inapoonekana laini na ya kuvutia. Anasoma taarifa ya hatari ya siku hiyo, yenye ngazi 5. Kila mmoja kwenye kundi ana redio ndogo kifuani ya kumtafutia akifukiwa, ya masafa ya kilohezi 457, na mgongoni sepetu na fimbo ya kuchokonolea, kwa sababu aliyefukiwa ana dakika kama 10 hadi 15 ambazo matumaini ni makubwa, kisha hewa humwishia. Wakianza kushuka, wanashuka mmoja mmoja. Wengine husubiri mahali ambapo mteremko ukikatika hautawafikia.

Sisi hatuna maporomoko hayo. Tuna kokoto. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, wakiwa na skii na kuzitumia kushukia, na jina la Furtwängler limebaki kwenye kipande cha barafu kilichomo ndani ya kreta. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka huo imekwisha, kwa hiyo hakuna wa kuja kurudia safari yao kwa namna ileile. Lakini mtu anayeteremka kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenda kambi ya Barafu, au kutoka Gilman's, nayo ukingoni, kwenda kambi ya Kibo Hut, yuko kwenye mchezo unaokaribiana nao: mteremko mkali, kitu laini chini ya mguu kinachosogea nawe, mwendo unaokolea bila kutaka, na miguu iliyokwishachoka. Tofauti ni kwamba yeye hakupima chochote.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo kushuka kunapoharibikia, tena usiku, mtu akiwa bado anapanda.

Barafu iko kama mita 4,670. Stella Point ni kama 5,750, na kilele chenyewe, Uhuru, ni 5,895. Kundi la mwendo wa kawaida likitoka saa 6 usiku hupanda mita 180 hivi kwa saa, linaingia Stella saa 12 asubuhi na Uhuru saa 1. Likikaa juu dakika 15 na kuanza kuteremka, masaa 2 na nusu hadi 3 baadaye liko Barafu, yaani saa 4 asubuhi. Saa moja na nusu ya uji, kubadili soksi na kujinyoosha, saa 5 na nusu linaondoka. Masaa 4 hadi Mweka. Saa 9 na nusu alasiri watu wanavua viatu, jua likiwa bado juu ya miti.

Sasa chukua kundi ambalo saa 11 alfajiri liko mita 5,300. Limepanda mita 630 kwa masaa 5, yaani mita 126 kwa saa, na hakuna kundi linaloongeza mwendo juu ya hapo. Limebakiza mita 450 kufika Stella: saa 2 na nusu asubuhi. Uhuru saa 3 na nusu. Barafu saa 6 na nusu mchana. Kula na kupumzika, saa 8. Na kundi lililopanda polepole kiasi hicho halishuki kwa masaa 4, litashuka kwa 5 au zaidi. Hiyo ni saa 1 usiku kwenye njia ya mawe na mizizi, jua limezama tangu saa 12 na nusu, na betri za heditochi zililiwa na baridi usiku uliopita. Hesabu yote hiyo ilikuwa inaonekana saa 11 alfajiri. Mwongozaji aliyeifanya wakati ule ana nafasi ya kuamua. Asiyeifanya huja kuamuliwa na giza.

Kwa hiyo saa ya kugeuka itamkwe kambini, mbele ya wote, kabla ya kulala. Ukiuliza ipi, Stella saa 2 asubuhi ni kikomo kinachofaa kwa anayepitia Barafu. Asiyeifikia kwa wakati huo anageuka alipo. Isisubiriwe itamkwe juu, kwa sababu kule juu mgeni aliyelipa mamilioni na mwongozaji anayetegemea bakshishi hawawezi kuzungumza kwa haki. Kwa anayepitia Marangu, kokotoa hivyohivyo kutoka Kibo Hut, kama mita 4,720, hadi Gilman's, kama 5,685, ukikumbuka kwamba baada ya kurudi Kibo Hut bado ana kilomita 9 au 10 hadi kambi ya Horombo na kwamba kesho yake ana kilomita kama 20 hadi getini. Njia ile si kali kama Mweka lakini ni ndefu, na urefu nao hutafuna magoti.

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu saa. Usiku kokoto zimeshikana kwa baridi, ndiyo maana kupanda kunawezekana. Jua likishakolea zinaachia. Kwa anayeshuka asubuhi hiyo ni neema, zinakuwa laini. Kwa aliyechelewa akakutana na makundi mengine juu na chini yake, kila mguu unaachia mawe.

Sasa kokoto zenyewe. Mteremko wa mawe yaliyolegea hujipanga wenyewe kwenye nyuzi 30 na kitu. Ukizidi hapo yanaporomoka mpaka utulie tena. Mtu anayekanyaga anauvuruga utulivu huo kidogo tu, na ujuzi wote uko kwenye kuuvuruga bila kwenda nao. Kisigino kitangulie, kizame. Goti liwe limekunjwa kidogo, lisifungwe kamwe. Kifua kiwe mbele, juu ya miguu. Anayeogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomwangusha, maana uzito ukitoka juu ya kisigino mguu unateleza mbele na yeye anabaki amekaa. Watu wa skii wana shida hiyohiyo kwenye theluji ya unga: wanaokaa nyuma huunguza mapaja ndani ya dakika chache na hawawezi tena kukata kona. Acha kila hatua iteleze kiasi cha urefu wa kiatu, ngoja isimame, ndipo utoe nyingine. Kasi ikizidi, usijaribu kusimama ghafla kwa kukaza miguu. Geuka ubavu, kata mteremko kwa mshazari hatua tatu nne, mwendo utakufa wenyewe.

Sikiliza kwa masikio. Kokoto nene zinazomeza kiatu hadi kifundo hulia shwaa, kama mchele unaomiminwa. Hapo shuka kwa raha zako. Ukianza kusikia kwachu-kwachu, mlio mkavu wa jiwe kwa jiwe, ujue safu imekuwa nyembamba na chini yake kuna mwamba; punje zile zinageuka kuwa gololi na mguu utakwenda usikotaka. Tembea, usikimbie. Sehemu zinazopitiwa na watu wengi ndizo zinazochakaa hivyo, kokoto nzuri zote zimeshasukumwa chini, kwa hiyo mstari uliokuwa mzuri misimu michache iliyopita usiutegemee leo. Chini kidogo tu ya Gilman's kuna mawe makubwa ya kushukwa kwa uangalifu, mikono ikisaidia, kabla ya kufikia sehemu laini. Wapo wanaoanza kukimbia juu ya mawe hayo kwa sababu wameziona kokoto chini yao.

Desemba ni mwezi wa vuli, na huko juu mvua ni theluji. Theluji nyembamba juu ya kokoto ni mbaya kuliko kokoto tupu na mbaya kuliko theluji nzito: inaficha mawe, haimshiki mtu, na alfajiri imekuwa kioo. Siku hiyo hakuna njia ya mkato. Rudini kwa njia ileile ya kujipinda mliyopandia, hata kama inachukua saa moja zaidi, na mwenye vyuma vya meno vya kuvalisha viatu avivae kabla ya kuondoka juu, asisubiri ateleze.

Kundi lisishuke kwa mstari mmoja ulionyooka, mtu juu ya kichwa cha mwenzake. Ama mkaribiane kabisa, ili jiwe lisipate kasi kabla ya kumfikia wa chini, ama mtawanyike mshazari. Jiwe likiondoka, paza sauti “Jiwe!”, hata kama ni dogo, hata kama chini hakuna watu wa kundi lako. Na fimbo za kutembelea: zirefushe sentimita 5 hadi 10 kuliko za kupandia, na kwenye kokoto toa mkono kwenye mkanda. Fimbo ikinasa kati ya mawe wakati mkanda umefungwa kifundoni, kinachovutika ni kidole gumba na bega.

Hapa kuna mazoea yetu yanayohitaji kusemwa wazi. Mwongozaji humshika mgeni mkono, kwapa kwa kwapa, wakakimbia pamoja hadi Barafu. Inaonekana ni msaada, na wageni hupenda, wanacheka njia nzima. Lakini mguu wa mgeni hauchagui tena pa kukanyaga. Unaburutwa kwa mwendo wa mtu ambaye amefanya kazi hii miaka, na goti lililochoka hupinda likiwa limebeba watu wawili. Mwongozaji atangulie nusu hatua chini na pembeni, mgeni aweke mkono begani kwake, na kila mita 100 za kimo wasimame. Ikibidi kushikwa kwapa kwa sababu mtu amelegea, huyo si wa kukimbizwa. Ni mgonjwa, na mambo yake nitayafikia.

Viatu. Kucha za vidole gumba zinazong'oka wiki mbili baada ya safari hazikuharibiwa na kupanda. Mguu ulikuwa unateleza mbele ndani ya buti na kugonga, hatua baada ya hatua, kwa mita 4,200 za kushuka kutoka Uhuru hadi geti la Mweka. Dawa yake inachukua dakika mbili. Kaa chini Barafu, legeza kamba zote. Piga kisigino cha buti ardhini mara tatu ili mguu urudi nyuma kabisa. Kaza kamba za juu ya vidole kiasi tu. Ukifika pale mguu unapojikunja, mbele ya kifundo, zungusha kamba moja juu ya nyingine mara mbili badala ya mara moja, vuta, utaona fundo linajishikilia lenyewe hata ukiachia mkono. Ndipo uendelee na vishikizo vya juu. Hapo mguu umefungwa nyuma, vidole viko huru. Asiyejua hukaza vidoleni na kulegeza juu, kinyume kabisa. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla ya safari. Geta, vifuniko vya juu ya buti vya kuzuia kokoto, zivaliwe tangu juu, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo kiwe mfukoni, maana vumbi la Stella asubuhi si la mchezo.

Maji nayo hupangwa kwa kushuka. Barafu hakuna chanzo cha maji. Yote yamebebwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka bonde la Karanga au mbali zaidi. Mtu akipewa lita 3 za usiku, lita 1 ni ya kurudi, na chupa zipangwe begani zimepinduliwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na kizibo kitabaki huru.

Tatizo kubwa zaidi la mpango ni hili, na ni la ofisini kuliko la mlimani. Asubuhi ya kileleni, wageni wakiwa bado juu, wapagazi hufunga kambi na kuondoka na mahema kwenda Mweka kuwahi nafasi. Ni utaratibu mzuri kundi likirudi salama na kwa wakati. Kundi likichelewa, au mmoja akiugua, linajikuta Barafu au Millennium bila hema, bila jiko, bila godoro, mizigo ikiwa imeshatangulia chini mita 700 za kimo kutoka Millennium, au zaidi ya 1,500 kutoka Barafu. Millennium, kama mita 3,800 hivi, ndiyo kambi ya akiba kwa waliochelewa, na kuilala si aibu. Lakini inalalika tu kama kuna mtu aliyeambiwa. Mpango unaofaa ni kuacha hema mbili, jiko dogo na wapagazi wawili Barafu hadi mgeni wa mwisho apite, na mwongozaji mkuu awasiliane na mpishi kwa redio au simu ifikapo saa 12 asubuhi: tunalala Mweka, au tunalala Millennium. Baada ya saa hiyo mahema yameshafungwa na mazungumzo yamekwisha. Watakaolala Millennium wajue kesho yao ni ndefu, mita 2,100 na ushee hadi getini, waamshwe mapema.

Chini ya Millennium njia inabadilika. Kokoto zimekwisha, unaingia kwenye ngazi za mawe na magogo, hakuna mbili zenye kimo kimoja, na chini ya kambi ya Mweka ni msitu, udongo wa mfinyanzi na mizizi inayong'aa kwa maji. Huko hakuna kukimbia hata kidogo. Fimbo itangulie, mguu uweke ubavu kidogo, usikanyage mzizi, kanyaga nyuma yake. Wengi huvunjika kifundo siku ya mwisho, wakiwa wanasikia harufu ya migomba.

Wanaoumia zaidi huko, na ambao habari zao haziandikwi, ni wagumu. Watu hudhani mzigo wa kushuka ni mwepesi kwa sababu chakula kimeliwa. Pima: hema lililolowa usiku lina kilo kadhaa zaidi ya lilivyokuwa getini, takataka za kundi zima zinashuka nasi na zinapimwa, na ule mwisho wa kilo 20 kwa mpagazi hutazamwa kwa makini wakati wa kupanda, kurudi kunasahaulika. Mwenye mzigo kichwani hauoni mguu wake kwenye ngazi ya gogo. Akiwa na raba zilizochakaa soli, anategemea bahati. Ofisi inayoweza kukagua viatu vya wapagazi siku ya kuondoka inaweza pia kuagiza mizigo ipimwe upya asubuhi ya Mweka, na mahema yaanikwe nusu saa kabla ya kufungwa.

Kuhusu mgonjwa. Ugonjwa wa kimo una tiba moja isiyobishaniwa, kushuka, na kushuka mara moja. Anayekohoa na kuhema akiwa amepumzika, au anayeyumba, hasubiri mapambazuko. Mwambie atembee hatua kumi kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama anayefuata uzi. Akishindwa, ubongo umeguswa. Mita 300 hadi 1,000 kwenda chini kwa kawaida huleta nafuu. Oksijeni na dawa ni za kumwezesha kushuka, si kibali cha kubaki. Kwenye kokoto ashukwe na watu wawili, mmoja kila upande, wa tatu mbele. Machela ya gurudumu moja hufanya kazi kwenye njia, si kwenye kokoto, na inahitaji watu 6 hadi 8 wanaopokezana, wa nyuma wakiwa ndio breki, miguu ya mgonjwa ikitangulia ili kichwa kibaki juu. Mwenye maji kwenye mapafu ainuliwe kifua, asilazwe chali. Afungwe na blanketi chini yake pia, maana anayebebwa hatembei na hatoi joto. Kabla ya safari, mwongozaji awe amejibu kwa kila kambi: kutoka hapa, njia ya haraka ya kumfikisha mtu chini ni ipi? Shira kuna barabara. Barranco na Karanga si hivyo. Na njia ya Western Breach isihesabiwe kama njia ya kushukia hata siku moja. Januari 2006 mawe yaliyoporomoka pale yaliua wapandaji 3 kutoka Marekani.

Kwa wasomaji wa Arusha, Meru si mlima mdogo wa mazoezi. Kutoka kilele, mita 4,566, wengi hushuka hadi kambi ya Miriakamba siku hiyohiyo, mita 2,000 na ushee, na sehemu ya juu ni ukingo wa kreta wenye shimo upande mmoja na majivu upande wa pili. Kwenye mwamba wa Rhino Point, asubuhi yenye barafu, shukeni mmoja mmoja mkiutazama mwamba. Na kwa kuwa mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, kundi haligawanyiki ovyo: mkubaliane chini nani atageuka na nani, kabla hamjaondoka Saddle Hut.

Oldoinyo Lengai, mita 2,962, ndiyo iliyo kali kuliko yote kwa miguu. Sehemu ya juu inakaribia nyuzi 45, majivu yake yamekauka kama saruji na juu yake kuna chembe zinazoviringika. Pale kisigino hakizami. Mtu hushuka akiwa mshazari, mara nyingine kinyumenyume kwa mikono na miguu, kofia ngumu kichwani. Hakuna maji, na joto la Ziwa Natron likishika saa 4 asubuhi mteremko unakuwa tanuri. Kwa hiyo muda wa kugeuka pale haupimwi kwa giza, unapimwa kwa jua: saa 1 asubuhi muwe mmeanza kushuka.

Mwisho, mazoezi. Watu hujiandaa kwa kupanda ngazi, lakini misuli ya mapaja huumia inapofanya kazi ikirefuka, yaani unapojizuia usianguke. Maumivu yake hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, ndiyo maana wengi hushuka vizuri hadi Mweka halafu kesho yake hawawezi kuketi chooni. Misuli iliyoshushwa mteremko mara moja haiumii sana mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Anza wiki nne kabla, mara mbili kwa wiki, na mara ya mwisho iwe siku 7 kabla ya safari. Hapa Moshi haihitaji gharama kubwa: panda daladala hadi Kibosho au Mweka, na begi la kilo 6, ukiwa na buti zilezile utakazovaa mlimani, urudi mjini kwa miguu. Nauli ya kwenda tu.

Mwongoza wageni mlimani,
Moshi